Ganda la chenza likizeeka: dawa au uchafu?

Najua wengi mmezoea kwenye safu hii tugombane kuhusu wachumba wanaochuna na mabwana wanaoahidi ndoa kila sikukuu. Wiki hii tuwape mapumziko. Nina kesi ya bibi yangu mzaa baba, wa Kilindoni, kisiwani Mafia, na makopo yake mawili ya maganda ya machenza.

Usicheke. Hata mimi nilicheka. Kicheko kilinikauka siku nesi alipomfunga bibi kile kitambaa cha mkononi, mashine ikasoma 180 kwa 100, naye akajibu bila wasiwasi wowote: "Itashuka tu, mwanangu. Nakunywa maganda."

Basi ikabidi nifanye kazi ambayo nilipokuwa sekondari nilikuwa naikimbia: kujifunza kemia. Mtihani wa fomu foo ulinipa F ya kifalme katika somo hilo, sina haja ya kuficha. Lakini safari hii mtahiniwa alikuwa bibi yangu, na kufeli kwake si kufeli kwa karatasi.

MUME WANGU UMEKONDA

Anayeijua njia ya Mafia anaijua. Unaamkia Mbagala Rangi Tatu, unabanana kwenye gari la Nyamisati, halafu unapanda chombo kuvuka mpaka Kilindoni. Pale Rangi Tatu nilinunua machungwa ya kuchonga. Jamaa anazungusha kisu, ganda la kijani linashuka kama utepe, linaangukia kwenye rundo miguuni mwake. Jioni rundo linazolewa, safari ya jalalani. Kwetu sisi watu wa mjini ganda ni takataka, kwisha habari.

Kwa bibi ni hadithi nyingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Dar hamli?"

Kabla sijakaa sawasawa kwenye mkeka, kikombe hiki hapa: chai ya rangi, tangawizi, na vipande viwili vya ganda vyeusivyeusi vinaelea kama mende. Nikanusa. Haikuwa ile harufu kali ya chungwa linalomenywa kwenye daladala. Ilikuwa imetulia, kama asali iliyokaa kwenye kabati la mbao. Nikanywa. Tamu bwana, nisiwe mwongo.

"Hili ganda la lini, bibi?"

"La mwaka ule uliofanya mtihani wako."

Yaani 2016! Nikakiangalia tena kikombe.

Hapo inabidi nikuambie habari za mchenza wenyewe. Aliupanda babu, nyuma ya jiko. Kila msimu bibi alikuwa anamenya, anaanika maganda kwenye ungo juu ya banda la kuku, yakikauka anayatia kwenye makopo ya maziwa ya unga. Babu akafariki, mchenza ukabaki. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, upepo ukaung'oa, mizizi ikatazama juu. Kwa hiyo makopo yale mawili ndiyo mchenza wa babu uliobaki duniani. Naomba ulishike hilo, maana ndilo lililokuja kunipa taabu.

Usiku natafuta kiberiti, nikakuta chini ya mto wake pakiti ya vidonge vya presha. Imejaa. Asubuhi nikamuuliza, akanionyesha simu. Kuna mtu kamrushia ujumbe wa sauti, hata hajulikani ni nani, anasema ganda la chungwa lililokaa miaka saba linamaliza presha, kisukari na mawe ya figo. Bibi akahesabu, akaona la kwake limepita saba. Akaviweka vidonge pembeni. Siku hiyohiyo nikamburuta kliniki, na ile namba ya mashine nimeshakutajia.

KUTU YA MABATI

Nilimpigia binamu yangu anayesomea ufamasia, akanielewesha mwanzo wa mambo, mengine nikasoma mwenyewe. Nitakueleza kama nilivyoelewa mimi wa F.

Angalia mabati ya nyumba yoyote iliyo karibu na bahari pale Kilindoni. Yameliwa na kutu. Oksijeni ya hewani, ikisaidiwa na unyevu na chumvi, inakula chuma taratibu. Ndani ya miili yetu nako kuna mambo ya namna hiyo: mwili ukitumia oksijeni, zinazaliwa chembe korofi ambazo zikizidi zinaharibu seli. Vitu vinavyozituliza chembe hizo ndivyo vinavyoitwa antioksidanti.

Unavijua, ila hukujua jina. Mama akimenya ndizi mbichi anazipaka ndimu zisiwe nyeusi. Ile ndimu inajitoa mhanga: oksijeni inahangaika nayo kwanza, ndizi inapona. Maganda ya machungwa, machenza, malimau na ndugu zao yamejaa vitu hivyo, mara nyingi kuliko hata nyama yenyewe ya tunda, kwa sababu ganda ndilo linalopambana na jua na wadudu.

Sasa swali likanijia. Kama kazi ya antioksidanti ni kumalizwa na oksijeni badala ya wengine, hili ganda lililokaa na hewa tangu 2016, walinzi wake bado wako lindoni au wameshakwisha zamani?

Jibu: inategemea unamuulizia mlinzi gani.

ANAYEONDOKA NA ANAYEBAKI

Wa kwanza kuaga ni vitamini C. Huyu ni mlinzi hodari lakini hana ustahimilivu. Joto linamwua, mwanga unamwua, hewa inamwua. Ganda likianikwa tu, sehemu kubwa yake inaondoka, na miaka inamaliza iliyobaki. Na kisa hiki ni cha zamani. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, aliwapa mabaharia wenye kiseyeye machungwa na malimau, wakapata nafuu upesi kuliko wenzao waliopewa vitu vingine. Baadaye akapendekeza maji ya matunda hayo yachemshwe mpaka yawe mazito, ili meli ziyabebe miezi mingi. Kumbe kule kuchemsha na kuyakalisha kulikuwa kunaiondoa nguvu ileile iliyotakiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia ganda la miaka saba lina vitamini C kibao, mwambie akamdanganye mwingine.

Wa pili ni mafuta ya ganda, yale yanayokurukia machoni ukilikunja. Sehemu yake kubwa ni kitu kinachoitwa limonini. Haya yanapaa hewani, na yanayobaki yanabadilishwa na oksijeni kuwa vitu vingine. Ndiyo maana ganda la bibi halikunukia uchungwa. Na wewe wa uswazi unayechoma maganda makavu kufukuza mbu, elewa kwamba harufu ya mafuta hayo ndiyo inayomkera mbu. Ganda lililozeeka limeshayapoteza, utabaki unavuta moshi wa bure. Hata lile jipya halitoshi kuwa badala ya chandarua, usije ukasema mimi ndiye niliyekwambia.

Wa tatu ndio wazee wa kazi: flavonoidi. Maarufu kuliko wote ni hesperidini. Aliigundua Mfaransa aitwaye Lebreton mwaka 1828, kwenye ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda, ambayo jamaa wa Rangi Tatu anakuachia kwenye chungwa nawe unaitema. Wenzake ni nobiletini na tanjeretini, wanaopatikana hasa kwenye maganda ya jamii ya machenza. Hawa hawapai hewani kama mafuta, wala hawafi haraka kama vitamini C. Ganda likikauka vizuri na kutunzwa vizuri, unaweza kuwakuta miaka mingi baadaye.

Halafu kuna wageni wanaozaliwa uzeeni. Ganda la bibi lilikuwa karibu jeusi. Weusi huo unafanana na ule wa mkate ukiiva: sukari na protini zikikutana zinatengeneza vitu vipya vya rangi ya kahawia, kwenye tanuri kwa dakika, kwenye kopo kwa miaka. Navyo vina uwezo kidogo wa kuzuia ile kutu.

WACHINA WANALIPIA UZEE

Ukidhani bibi yangu ni mshamba, ngoja nikupeleke Xinhui, jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Kule ganda kavu la chenza linaitwa chenpi. "Chen" maana yake ni kitu kilichokaa, "pi" ni ganda. Kwa hiyo jina lenyewe ni ganda-kuukuu! Kwa sheria zao, ganda la Xinhui halistahili jina hilo mpaka litimize angalau miaka mitatu kwenye ghala, na linavyozidi kuzeeka ndivyo bei inavyopaa. Wanalitia kwenye supu, kwenye chai, na kwenye dawa zao za asili kwa ajili ya tumbo na kikohozi. Na ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili kule Masikati wanazijua ndimu kavu za Oman, zinazochemshwa kwenye maji ya chumvi kisha kuanikwa mpaka ziwe nyeusi kama mkaa. Hivyo kula uzee wa tunda si wazimu wa Kilindoni peke yake.

Kwa kuwa kuna fedha ndani yake, Wachina wamelichunguza ganda hilo sana. Maabara wana dawa moja ya rangi ya zambarau: ukiitia kitu chenye antioksidanti, zambarau inafifia kuelekea njano. Inavyofifia zaidi ndivyo kitu chako kilivyo na nguvu. Wakachukua maganda ya mwaka mmoja, mitatu, kumi na zaidi, wakayapima.

Wengine wakakuta flavonoidi kwa jumla zimeongezeka na umri. Wengine wakakuta hesperidini imepungua, ila nobiletini na wenzake wamebaki imara. Wengine wakakuta zinapanda mpaka umri fulani, halafu zinashuka. Kwa ufupi, hawajaelewana, na sababu zipo. Miti si mmoja, ghala si moja, msimu wa kuchuma si mmoja. Halafu kuna ujanja wa hesabu ambao hata mimi wa F niliuona: ganda likipoteza maji na mafuta, uzito unapungua, basi kilichobaki kinaonekana kingi kwa kila gramu. Ni kama daladala likishusha abiria thelathini. Makondakta hawajaongezeka, ila sasa unawaona vizuri.

Ongezeko jingine linaweza kuwa la kweli. Juu ya ganda wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo vinaweza kuzikata zile flavonoidi zilizofungamana na sukari zikawa za namna nyingine. Kwa hiyo msemo wa "likizeeka ndio dawa" una chembe ya ukweli. Tatizo ni watu wanaoichukua chembe hiyo wakaifanya gunia.

Maana kuifuta rangi kwenye chupa ni jambo moja, na kuishusha presha ya bibi wa Kilindoni ni jambo jingine. Hesperidini ikimezwa hainyonywi kirahisi. Inasubiri mpaka ifike kwenye utumbo mpana, bakteria waivunje kwanza. Wapo walioijaribu kwa watu kuhusu presha, kwa dozi iliyopimwa, na majibu yao hayafanani. Vipande viwili kwenye kikombe si dozi ya kumfanya mtu aache vidonge.

Na hapa kuna mtego. Mwaka 1991 madaktari wa Kanada walitangaza kwamba juisi ya balungi inapandisha kiwango cha dawa moja ya presha ndani ya damu kupita kawaida. Danzi nalo limo kwenye kundi hilo. Kwa hiyo kama una mzee anayemeza vidonge, usimchanganyie kila tunda chachu ukidhani unamsaidia. Muulize mfamasia, hadai hela kwa swali.

KUVU HAINA UNDUGU

Turudi kisiwani. Xinhui kuna masika yao, Mafia kuna yetu, na ya kwetu unaijua: kuanzia Machi mpaka Mei hata chumvi kwenye kopo inalia machozi. Ganda kavu linavuta unyevu kama sifongo, na unyevu ukiingia, kuvu inafuata.

Baadhi ya kuvu zinatengeneza sumukuvu. Mwaka huohuo wa 2016, Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo inashambulia ini, na kuchemsha chai hakuiondoi. Wachina hawafanyi mchezo nayo: kitabu chao rasmi cha dawa kinataka chenpi isizidi asilimia 13 ya unyevu, na ipimwe sumukuvu kabla ya kuuzwa. Sasa wewe unayetaka kufungua biashara ya "chenpi ya Mafia", nimekuona unavyotabasamu, kipimo unacho?

Wasio na kipimo wanatumia jua. Kule Xinhui, hewa ikikauka, wanayatoa maganda ghalani na kuyaanika upya, halafu wanayarudisha. Nilipolisoma hilo nikamuuliza bibi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki anaoga.

"Kila masika ikiisha naanika siku tatu. Ganda likikunjika silirudishi. Nalirudisha likilia kach."

Nikanyamaza. Bibi hajawahi kuvuka Bahari ya Hindi, wala hana kipimo cha unyevu. Ana vidole na masikio.

MAKOPO MAWILI

Lakini nilikwambia makopo ni mawili. Kopo la jikoni ndilo hilo la 2016, linaloanikwa kila mwaka. Nilivunja kipande, kikalia kach. Hakina doa, harufu yake ile ya asali. La pili lilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, limefungwa kwa kitambaa. Hilo lina maganda ya msimu wa mwisho ambao babu aliyachuma machenza kwa mkono wake. Tangu azikwe halijafunguliwa. Bibi alikuwa analiwekea miaka, lizidi kuwa dawa.

Nikamwomba tulifungue. Alisita, akalifungua mwenyewe. Uvundo ukatoka kabla ya kifuniko. Ndani maganda yalikuwa laini kama ngozi iliyolowa, mengine yamevaa manyoya ya kijani na meupe. Umri wa kopo la jikoni na umri wa hili la sandukuni umepishana kidogo tu, na mti ni uleule. Moja lilipata jua na jingine lilipata mapenzi tu.

Nilitegemea atabisha. Hakubisha. Alikaa kitandani, kopo mapajani, kimya. Mwisho akasema, "Nilifikiri namtunza."

Jamani, mimi ni mtu wa vichekesho, lakini pale sikuwa na neno. Nilikuwa na kurasa nzima za flavonoidi kichwani, na hakuna hata moja iliyofaa kusemwa. Nikamshika mkono, tukatoka mpaka nyuma ya jiko, kwenye shimo ulipong'oka mchenza. Alilimimina mwenyewe, akalifukia kwa jembe. Kopo akalirudisha ndani, akalisuuza kwa maji ya moto, akalianika juani.

Kisha tukafanya mapatano, mimi na mke wangu huyo. Asubuhi kidonge, kama daktari alivyoandika. Jioni chai ya ganda la jikoni, kwa sababu ni tamu na kwa sababu babu yumo. Ujumbe wa sauti ukafutwa mbele ya macho yangu. Nimerudi Dar, shangazi ndiye anayempeleka kliniki. Mara ya mwisho mashine ilisoma 150 kwa 90. Bado iko juu, ila inashuka, na bibi anadai ni ganda. Nimemwachia ushindi huo maadamu kidonge kinaingia.

Na wewe uliyebaki na hamu, fanya hivi. Chukua chenza la mti wa nyumbani kama unaupata, maana matunda ya mbali mengine yanapakwa nta na dawa ya kuzuia kuvu. Lioshe, limenye, lianike juani mpaka livunjike. Litie kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Masika ikiisha, lianike tena. Likinuka uvundo, likilainika au likiota manyoya, tupa, hata kama lina umri wa mjomba wako. Usikwangue doa ukanywa lililobaki.

Safari ijayo nakwenda na mche wa mchenza kwenye gari la Nyamisati. Kondakta akinidai nauli yake, nitalipa. Tukutane wiki ijayo, turudi kwa wachumba wetu wanaochuna.